Kabla ya kupakia watu, someni ubavu wa tairi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na Watanzania, Wakongo na Warundi wenzangu wanaoendesha vani za watu 15 huku Marekani, hasa majimbo ya kati yenye theluji. Nawalenga zaidi wanaoshika fedha za kanisa au za kikundi, maana wao ndio wanaoamua tairi gani linunuliwe. Gazeti lenu tunalisoma kwenye simu wakati wa mapumziko ya zamu, na ninajua litawafikia madereva ambao maelezo ya Kiingereza yaliyobandikwa ukutani dukani hayawafikii. Oktoba imeshaingia. Theluji ya kwanza hapa Iowa inaweza kuanguka mwezi huu huu, na ikishaanguka maduka ya matairi hujaa watu na saizi za magari makubwa ndizo huwa za kwanza kukosekana.

Mimi ni mzaliwa wa Kasulu, naishi Cedar Rapids. Wengi ninaosali nao na kufanya nao kazi walipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwa hiyo tumekutana huku tukiwa majirani wa zamani. Ndugu zetu walio nyumbani huenda hawajui vani hizi zina maana gani kwetu. Mtu akifika huku hana gari, hana leseni, na basi la mji halifiki kiwandani saa kumi alfajiri. Kikundi kinachanga, kinanunua Ford au Chevrolet iliyokwishatumika, na gari hilo hilo linapeleka watu kiwanda cha nyama siku za kazi, linapeleka wagonjwa hospitali, na Jumapili linazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya kina mama na watoto kwenda ibadani. Kutoka hapa kwenda Waterloo kwa barabara ya Interstate 380 ni zaidi ya kilometa 80. Mahindi yakishavunwa hakuna kinachozuia upepo, na theluji inavuka lami kwa ubavu hadi hujui mstari uko wapi.

Kwa nini watu 15? Kwa sababu sheria ya shirikisho inadai leseni ya udereva wa kibiashara kuanzia gari lililotengenezwa kubeba watu 16, dereva akiwemo. La 15 linabaki nje ya sharti hilo. Ndiyo maana funguo hukabidhiwa kijana yeyote mwenye leseni ya kawaida, mara nyingi aliyeipata juzi, ambaye hajawahi kushika breki juu ya barafu.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Tairi la theluji la vani kubwa huchaguliwa kwanza kwa uzito linaoubeba, halafu ndipo kwa theluji. Wengi wetu tunaanza na theluji, tunaridhika, na hatufiki kwenye uzito.

Mwaka jana kikundi kimoja cha jirani kiliniita nitazame gari walilonunua, Chevrolet Express 3500 ya zamani, ile ndefu. Walikuwa wameshalivalisha matairi mapya manne kwa ajili ya baridi na walikuwa na furaha. Kashata, yaani meno ya tairi, zilikuwa nene, raba ikinukia upya. Mwenyekiti wao, mzee wa Uvira, akanishika bega akaniambia, "Mwanangu, tazama, hatukununua mitumba." Nikampongeza. Kisha nikafungua mlango wa dereva, nikamwonyesha kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango: LT245/75R16. Tukapiga magoti kwenye tairi la nyuma na tochi ya simu. Ubavuni palikuwa pameandikwa P245/75R16.

"Papa," nikamwambia, "herufi za mbele hazilingani."

"Lakini namba ni zile zile," akasema. "Na limeingia kwenye rimu vizuri."

Ni kweli, liliingia. Upana ni ule ule, kimo ni kile kile, rimu ni ile ile ya inchi 16. Lakini P ni tairi la gari la abiria la kawaida, na LT ni la gari la mizigo. Tukasoma mstari mdogo unaotaja mzigo wa juu. Tairi la LT la saizi hiyo, la daraja E la mzigo, limeandikwa kilo 1,380 kwa upepo wa 80 (kwa kipimo cha PSI). Lile la P lilikuwa na kilo 1,030, na hata hizo huruhusiwi kuzihesabu zote: tairi la P likifungwa kwenye gari la aina hiyo, uwezo wake unagawanywa kwa 1.10, unabaki na kilo 936 hivi. Mawili ya nyuma yanakupa kilo 1,872 mahali ambapo mtengenezaji alitaka 2,760. Pengo hilo ni karibu kilo 890. Ni uzito wa watu wazima kumi na wawili, na kwenye vani ndefu hao kumi na wawili wengi wao wanakaa juu ya ekseli ya nyuma na nyuma yake.

Mzee alinyamaza, akapapasa ile herufi kwa kidole gumba. Walirudi dukani kesho yake, wakaongeza fedha, wakabadilishiwa. Aliyewauzia alitazama namba tu, na wao hawakuwa na mtu wa kuwaambia waangalie herufi.

Wenye Ford Transit, ambazo sasa ndizo zinazonunuliwa zaidi, msitafute LT. Kwenu saizi ni 235/65R16C, ile C ya mwisho ndiyo inayotaja gari la mizigo, na mbele yake kuna 121/119R. Namba 121 ni kilo 1,450 kwa tairi moja. Dukani mtakuta 235/65R16 isiyo na C, yenye 103, kwa bei nzuri kabisa. Hiyo 103 ni kilo 875. Muuzaji akisema "hakuna tofauti", mshukuruni mwondoke.

Sisisitizi hili kwa kupenda hesabu. NHTSA, idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia usalama barabarani, imekuwa ikitoa onyo kuhusu vani hizi tangu 2001. Ilikuta kwamba, katika ajali za gari moja, vani yenye watu kumi au zaidi hupinduka karibu mara tatu ya ile yenye watu wachache. Watu wakijaa, kiini cha uzito kinapanda juu na kurudi nyuma. Ndipo tairi la nyuma linapokuwa na kazi kubwa kuliko yote, na ndipo tairi lililozidiwa, lenye ubavu laini, linapojikunja dereva anapozungusha usukani kwa hofu.

Baada ya uzito, theluji. Tafuteni ubavuni alama ya mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Herufi M+S, yaani tope na theluji, peke yake hazitoshi. M+S inatokana na umbo la kashata tu, jinsi mifereji ilivyokatwa, na tairi linaweza kuipata bila kugusa theluji hata siku moja. Alama ya mlima inatolewa baada ya tairi kupimwa kwenye theluji iliyoshindiliwa na kulinganishwa na tairi la kipimo. Hata hivyo kipimo hicho ni cha kushika njia wakati wa kuondoka, si cha kusimama, wala si cha barafu. Kwa hiyo alama ya mlima ni mahali pa kuanzia. Ukishaipata, tazama kashata kwa karibu: tairi la theluji la kweli lina mikato myembamba mamia kwa mamia, kama ya wembe, kwenye kila kipande cha raba. Mikato hiyo inafunguka tairi linapokanyaga na kuuma barafu.

Raba yenyewe ni tofauti. Tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, theluji iwepo isiwepo. Januari hapa nyuzi 20 chini ya sifuri si habari, na mwishoni mwa Januari 2019 tulishuka hata chini ya 30. Kwenye baridi hiyo raba ya kawaida ni kama kandambili ya zamani iliyoachwa juani miaka. Na msitegemee chumvi inayomwagwa barabarani, maana chini ya nyuzi 9 za baridi nguvu yake inapungua sana.

Nunueni manne. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu ndipo mweka hazina anapobana. Vani hizi nyingi zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, basi mtu anasema tuvalishe nyuma tu, yanatosha kututoa kwenye theluji. Yatawatoa, ndiyo. Kisha mtafika kwenye mataa ya kushuka mlima na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayoongoza na yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, hayatashika kitu. Wakifanya kinyume, mbele matairi ya theluji na nyuma ya kawaida, ni hatari zaidi: mbele inasimama na nyuma, yenye watu wote, inakuja kuipita. Wenye Transit inayosukumwa na magurudumu yote manne nao wasijidanganye. Hiyo inasaidia kuondoka. Kusimama kunategemea raba.

Kuhusu upepo nitakaa kidogo, maana hapo ndipo uzoefu wetu wa nyumbani unapotuponza. Dereva aliyekulia kwenye barabara ya Kasulu kwenda Kibondo wakati wa masika anajua kwamba ukikwama kwenye tope unapunguza upepo ili tairi litandae likamate. Nimewaona vijana wazuri kabisa wakifanya hivyo kwenye theluji, vani ikiwa imejaa. Kwenye tope unakwenda kilometa kumi kwa saa. Kwenye Interstate unakwenda mia, na tairi lenye upepo mdogo chini ya uzito linapata moto ndani na ubavu unayumba. Uwezo ule wa kilo 1,380 upo kwa upepo wa 80 tu. Ukipunguza upepo umepunguza kilo pia. NHTSA ilipopima matairi ya vani hizi, ilikuta asilimia 74 yana upepo usio sahihi kwa kiasi kikubwa, wakati magari madogo yalikuwa asilimia 39.

Baridi nayo inaiba upepo bila pancha yoyote. Tairi lililojazwa 80 ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 20 litasoma kama 67 asubuhi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Fundi hakukosea, hewa imesinyaa. Kwa hiyo pimeni asubuhi, gari likiwa limelala nje, kabla halijatembea, na mjaze kufuata kibandiko cha mlangoni. Angalieni pia kwamba mbele na nyuma si sawa. Kwenye vani nyingi za zamani mbele ni 50 au 55 na nyuma ni 80. Kijana wa kituo cha mafuta aliyezoea magari madogo atajaza yote 35 akifikiri amekusaidia. Kipimo kizuri cha upepo chenye kufika 100 kinauzwa bei ya sahani moja ya chakula. Kikae ndani ya vani, si nyumbani kwa dereva.

Matairi yaliyotumika nisingeyagusa kwa gari la watu, lakini najua wapo watakaoyanunua, kwa hiyo someni umri. Mwishoni mwa mstari unaoanza na DOT kuna tarakimu nne. 3817 maana yake wiki ya 38 ya mwaka 2017. Raba inazeeka hata kama kashata imejaa, na spea iliyokaa chini ya bodi miaka kumi isifungwe barabarani kwa sababu tu inang'aa. Kwa kashata, chukueni sarafu ya senti 25, mwingizeni Washington, yule wa kwenye picha ya sarafu, kichwa chini kwenye mfereji. Kama raba haigusi hata kichwa chake, kashata iko chini ya milimita 3 hivi. Sheria inaweza kuwaruhusu kuendelea hadi 1.6, lakini theluji hairuhusu. Mimi tairi la theluji la vani likikaribia milimita 4 naliondoa.

Misumari? Iowa inaruhusu matairi yenye misumari kuanzia 1 Novemba hadi 1 Aprili. Minnesota imeyapiga marufuku kwa wakazi wake, na ndugu zetu wengi wanapanda Interstate 35 kwenda Minneapolis kila mara kwenye misiba na harusi. Kwa kazi yetu, ambayo siku nyingi ni lami kavu yenye baridi kali, siyashauri.

Mnaoshindwa kabisa kuwa na seti mbili, yapo matairi ya mwaka mzima yenye alama ya mlima na uwezo kamili wa mzigo. Michelin Agilis CrossClimate linapatikana kwa saizi zote mbili nilizotaja. Kwa vani inayozunguka mjini ni chaguo la heshima. Kwa inayopanda 380 kila alfajiri hadi Machi, bado nataka tairi la theluji halisi, mfano Blizzak LT kwa Chevrolet na Ford za zamani, pamoja na rimu zake za chuma ili yasing'olewe na kurudishwa kila msimu. Yakishafungwa, nati zikazwe tena baada ya kilometa 80 hadi 160. Hili halifanywi, na nati zilizolegea kwenye baridi nimeziona.

Sasa fedha. Matairi manne ya aina hii yanakaribia au kuzidi dola 800, na kwenye mkutano wa kikundi kiasi hicho kinazua maneno. Nimesikia ikisemwa kwamba Mungu ndiye mlinzi, na mimi ni muumini, sibishani na hilo. Ninachouliza ni kwa nini tunachanga bila kinyongo kununua spika mpya, na tunachangia vazi la sherehe, halafu kitu pekee kati ya watoto wetu na barafu tunakitafutia bei ya chini. Kila abiria wa kazini analipa dereva kila wiki. Sehemu ya fedha hizo iandikwe kwenye daftari lake peke yake kuanzia Aprili, jina lake matairi, na isiguswe kwa msiba wala kwa kipaimara. Kufikia Oktoba itakuwa imetosha. Na kama haijatosha, vani ibebe watu wachache, wote wakae mbele ya ekseli ya nyuma, mkanda kila mtu, na juu ya paa pasiwekwe kitu.

Neno moja kwa walio nyumbani, maana najua wapo watakaosema barua hii haiwahusu. Hiace nyingi zinazoshuka bandarini Dar es Salaam na Mombasa zinatoka Japani, na zilizotumika sehemu za baridi huja na matairi yao ya theluji. Yana neno STUDLESS ubavuni. Wenye daladala huyapenda kwa sababu kashata inaonekana nene. Raba hiyo imepikwa kwa ajili ya barafu. Kwenye lami ya Februari ya Dar inalainika, inaisha upesi na gari linachelewa kusimama. Yaondoeni kabla ya kupakia abiria.

Mhariri, ombi langu ni kwamba barua hii itoke kabla Oktoba haijaisha. Wasomaji walio Des Moines, Waterloo, Fargo, Minneapolis na kwingineko wenye vani: kesho asubuhi, kabla ya kuwasha gari, someni kibandiko cha mlangoni kisha ubavu wa tairi la nyuma upande wa kulia na wa kushoto. Herufi, namba ya mzigo, alama ya mlima, tarehe. Visipolingana, mpigieni simu mweka hazina hapo hapo, hata kama amelala.

Msomaji wenu,
Dereva wa kujitolea, mzaliwa wa Kasulu
Cedar Rapids, Iowa, Marekani